Msumeno wa Watu Wawili wa Kiuyu

Meza yangu ya Chake nimewaachia nyinyi, Salha na Othman, pamoja na mita, waya, seli kongwe na ndoo ya mchanga iliyo chini yake. Mlinitaka niandike kidogo jinsi nilivyoifanya kazi hii ya kutengeneza drili na misumeno ya chaji. Othman akaongeza, "Andika, ami, lakini usitutishe." Hilo la mwisho siliwezi. Kazi hii niliifanya nikiwa na hofu tangu siku ya kwanza mpaka siku niliyofunga mlango, na nadhani ni hofu hiyo iliyonistaafisha nikiwa na vidole vyangu vyote.

Nilizaliwa Makoongwe, kisiwa kidogo cha Pemba. Skuli niliiacha darasa la tano, baada ya kuifungua kufuli ya stoo kwa msumari. Sikutaka kuiba. Nilitaka kujua mle ndani mna nini kinachoutambua ufunguo wake na kuukataa wa mwenzake. Kufuli niliirudisha, lakini haikufunga tena, na mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kuelewa sababu za namna hiyo. Baada ya hapo nilichuma karafuu Mtambile, nikaosha sahani melini, nikabeba magunia Mombasa, nikauza maji Dar. Kila pahala nilikaa mpaka nikajua mambo yake yanavyokwenda, halafu nikaondoka. Mama alikuwa akisema mimi ni mgeni hata nikiwa kitandani kwangu.

Tanga ndiko nilikokutana na Fundi Shabani. Alikuwa na kibanda karibu na stendi, akitengeneza vifaa vya chaji vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Ulaya na Arabuni: drili, misumeno, randa, mashine za kupigia msasa. Mimi nilikuwa nimezoea keekee ya mkono na drili ya waya. Kuona chombo kinazunguka bila kamba yoyote ukutani kulinikosesha usingizi. Nilimwomba anifundishe.

Siku ya kwanza hakunikaribisha mezani. Alichukua betri moja iliyovimba, akaiweka juu ya mchanga nyuma ya kibanda, akafunga msumari kwenye ncha ya mwanzi mrefu, akaitoboa. Ilipiga mluzi kwanza, kama mtu anayemwita mwenzake. Kisha ukatoka moshi mweupe, halafu moto uliosimama wima kwa nguvu kana kwamba unapulizwa kutoka chini ya ardhi. Nilijikuta nimeshavuka barabara.

"Hiyo ilikuwa ndogo," Fundi Shabani alisema. "Umeogopa?"

"Hapana, fundi."

"Basi nenda nyumbani. Ukishaogopa utarudi."

Nilirudi kesho yake asubuhi. "Nimeogopa, fundi."

"Karibu. Kaa hapa."

Mengi aliyonifundisha mnayajua, maana niliwapa nyinyi vilevile nilivyopewa. Betri iliyovimba si mgonjwa, ni maiti, haitibiwi. Usichomeke chaja ukaondoka. Ukimaliza kazi, toa betri kwenye chombo kabla hujafuta hata jasho, kwa sababu msumeno wenye betri ndani ni msumeno unaongoja kidole. Na lile ambalo watu hawaliamini: betri haiuawi na kazi, huuawa na kukaa. Ukiimaliza moto wake, yaani chaji, ukaiweka kabatini miezi kadhaa, hushuka chini ya kiwango ambacho chaja hukitambua. Ukiichomeka, chaja inawasha taa nyekundu inayopepesa, inakukatalia. Ipo njia ya kuiamsha kwa kuiazima moto kutoka betri nzima kwa waya. Fundi Shabani alinionyesha mara moja tu, akanikataza kuifanya mbele ya watu, na akanikataza zaidi kuifanya peke yangu. Mpaka leo sijajua alitaka niifanye mbele ya nani.

Niliporudi Pemba nilikuja melini na sanduku la betri zilizotumika. Abiria wenzangu walilala. Mimi niliketi juu ya sanduku lile, kiganja kimoja ubavuni mwake, nikisikiliza joto. Mama mmoja aliniuliza kama nimebeba mayai. Nilimwambia ndiyo, akanihurumia.

Chake sikufungua duka kwa ajili ya maseremala. Seremala anayekula kwa mbao ana mashine yake ya waya na ana dharau yake. Wateja wangu walikuwa wale niliowaita mafundi wa alasiri: karani wa mahakama, muuza dawa, mwalimu, watu ambao wakishasali alasiri huvua shati la kazini na kwenda uani kutengeneza kigoda kisichokuwa na mnunuzi. Bi Rukia, muuguzi, alikuwa akitengeneza vigari vya watoto wanaojifunza kutembea. Siku moja drili ilinasa ncha ya leso yake ikaisokota mpaka shingoni. Aliniletea drili na leso pamoja, zimeshikana. "Nitolee leso," aliniambia. "Hiyo nyingine usinirudishie kabla sijasahau." Baada ya wiki alikuja kuichukua, nguo zote amezifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kuvua pweza. Mafundi wa alasiri hawaachi. Hilo ndilo lililonifanya nikae Chake, mimi ambaye sikuwahi kukaa popote.

Miongoni mwao walikuwemo wawili wa Kiuyu, Mbarouk na Faki. Mbarouk alikuwa mfanyabiashara wa karafuu, mzaliwa wa nyumba ya Kimanga, Waarabu wa Omani, iliyowahi kuwa na mashamba. Faki alikuwa bwana shamba mstaafu. Nyumba zao zilitazamana, njia ya gari moja katikati. Mbarouk alipozaliwa mama yake aliugua, akakosa maziwa, na Bi Time, mama yake Faki, ambaye naye alikuwa amejifungua, alimchukua akamnyonyesha pamoja na mwanawe. Kwa hiyo walikuwa ndugu wa titi, na Bi Time alikuwa mama kwa wote wawili. Mbarouk asingeweza kumwoa dada yake Faki hata angetaka, na Faki alipenda kumkumbusha hivyo, kwa kuwa dada yake alikuwa mzuri.

Wawili hawa walinunua kwangu msumeno mmoja wa duara wa chaji, kwa shirika. Walifanyia marufaa ya kuwekea misahafu, mbuzi za kukunia nazi, na mabenchi ya chuo cha Kurani cha kijiji. Mlio wa msumeno ule ulikuwa mwembamba na wa juu, hauna mwenziwe Kiuyu nzima. Ukilia, watu walisema, "Wale wawili wameshakaa."

Kisha ukaja mwaka wa uchaguzi mgumu. Vyama sitavitaja, na mliokuwepo hamhitaji kutajiwa. Uchaguzi ulipokwisha ilibaki ile kususiana. Mtu wa chama hiki hanunui duka la mtu wa chama kile, hampandishi garini, haendi harusini kwake, na mwisho, jambo ambalo wazee wetu wasingelikubali, haendi mazikoni kwake. Kiuyu karibu kijiji kizima kilikuwa upande mmoja, na Mbarouk alikuwa upande huo. Faki alikuwa upande wa pili, na nyumba tatu tu.

Shirika la msumeno lilivunjika bila kikao. Siku kususiana kulipotangazwa, msumeno ulikuwa kwa Faki, na betri zake mbili na chaja zilikuwa kwa Mbarouk. Zikabaki hapohapo. Faki aliwahi kuniletea msumeno "utazamwe." Haukuwa na ugonjwa wowote. Aliniuliza kama jirani yake amepita dukani. Siku chache baadaye Mbarouk alikuja, akaniuliza hivyohivyo. Sikubeba neno la yeyote. Niliogopa. Asubuhi moja nilikuwa nimekuta mlango wa duka langu umepakwa kinyesi, na sikuwahi kujua ni upande gani ulionipaka. Nilisugua kwa maji na majivu huku nikijiuliza nimemtengenezea nani na nani. Nilikuwa nimewatengenezea wote. Labda kosa lilikuwa hilo.

Kwa hiyo Mbarouk aliponipigia simu niende Kiuyu kutazama betri zinazokataa chaja, nilikwenda kwa kuwa nilishindwa kupata uongo kwa haraka. Niliweka pikipiki ubavuni mwa nyumba yake na kujitandaza barazani na vifaa vyangu, mgongo kwa njia, ili nisionekane ninatazama upande wa pili. Betri moja ilikuwa imevimba. Niliizika kwenye mchanga. Ya pili ilikuwa imelala, seli zote ziko chini, lakini sawasawa, kwa hiyo huenda ikaamka.

"Imekufa?" Mbarouk aliuliza.

"Imekaa mno."

Hapo ndipo tuliposikia kilio kutoka nyumba ya mbele, kwa Faki. Kilikuwa kilio cha mwanamke mmoja, kikakatika, kikaanza tena. Mbarouk alisimama, akakaa. Bi Time alikuwa mgonjwa siku nyingi, na kila mtu alijua kilio kile ni cha nini.

Nyote mnajua Pemba ikitokea hivyo inakuwaje. Kabla chai haijapoa uwanja umejaa, huyu ana jembe, yule ana ndoo, wanawake wanaingia kwa mlango wa uani. Siku ile njia ilibaki tupu. Milango ilikuwa wazi na watu walikuwa ndani, nikiwasikia hata wakikohoa, lakini hakuna aliyetoka. Baadaye lilipita gari kutoka Wete na watu wachache wa ukoo wa Faki, wakashusha majembe, wakaelekea makaburini kuchimba. Nilitaka kuondoka. Nilikusanya waya zangu mara mbili na mara mbili nikaziweka chini.

Kisha tukasikia msumeno wa mkono.

Maiti anapolazwa kwenye mwanandani, ule ubavu uliochimbwa ndani ya kaburi, hufunikwa kwa mbao kabla udongo haujarudi. Mbao hizo hukatwa siku hiyohiyo, kwa kipimo, na hukatwa na majirani. Mfiwa hashiki msumeno. Mfiwa hukaa, akapewa mkono, akaambiwa asubiri. Nami niligeuka, nikamwona Faki uwanjani kwake, peke yake, amekanyaga ubao wa mfenesi kwa goti, anamkatia mama yake mbao. Msumeno ulikuwa butu. Ulikwama, akauvuta, ukakwama.

Mbarouk hakutazama. Alikuwa anaangalia betri iliyo mkononi mwangu.

"Iamshe."

"Bwana Mbarouk, betri hii nikiilazimisha inaweza kuwaka."

"Iamshe, yakhe."

Nilisogeza ndoo ya mchanga niliyokuja nayo. Nikachukua betri yangu nzima, nikaunganisha waya, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na cheche ikaruka kabla sijagusa nilipotaka. Nilihesabu kimoyomoyo kwa namna aliyonifundisha Fundi Shabani, nikatoa, nikapima, nikaishika kuona joto. Nikarudia. Masikio yangu yalikuwa yanangoja ule mluzi. Kwa yote niliyoyaona Tanga, nilijua nikiusikia nitakuwa na nafasi ya kuirusha tu, na sikujua niirushe wapi, maana kila upande palikuwa na nyumba ya makuti. Mita ilipanda kidogo. Nikaichomeka kwenye chaja. Taa nyekundu ilipepesa, ikapepesa, ikatulia.

Nilidhani hofu imepita. Nilipoinua kichwa vijana walikuwa wamesimama njiani. Mbele yao alikuwa Shaame, mtoto wa kaka yake Mbarouk, aliyekuwa msemaji wa wenzake tangu kampeni.

"Fundi, mnaamsha nini hapo? Maiti?"

Wenzake walicheka. Mimi nilitazama taa ya chaja.

"Nakuuliza, fundi. Wewe si mtu wa huku. Njia ya Chake unaijua?"

"Naijua, mwanangu."

"Ina miti mingi."

Mbarouk alisema, "Shaame, mwache fundi. Sema na mie."

"Nasema nawe, ami, kwa heshima. Siye tumeshakubaliana, na wewe ulikuwepo. Ukivuka njia hiyo leo, kesho dukani kwako haingii ntu. Na mazikoni kwako pia, Mungu akuweke."

Msumeno wa mkono ulikuwa umenyamaza. Nadhani Faki alikuwa anasikiliza.

"Shaame, wewe umenyonya kwa nani?"

"Kwa mama yangu, kwa nani tena?"

"Mie nimenyonya pale," Mbarouk alisema, akanyoosha mkono kuelekea nyumba ya mbele. Alikaa chini tena kungoja betri ipate moto wa kutosha, na vijana wakakaa ukingoni mwa njia kumngoja yeye. Sijawahi kuona chaja inayochelewa kama ile. Niliigusa betri kila mara, nikitamani iwe na joto kidogo ili niwe na sababu ya kuitoa na kusema haifai.

Haikuwa na joto. Mbarouk aliichukua akavuka njia. Mimi nilimfuata nimekumbatia ndoo ya mchanga, na nawaambia kweli, sikujua kama nimeibeba kwa ajili ya moto au nimeiweka kati yangu na mawe.

Faki hakuinuka. Alikuwa na vumbi la mfenesi usoni, na machozi yamepita juu yake.

"Lete huo," Mbarouk alimwambia. "Mfiwa hakati mbao."

Faki alimtazama. "Na wewe je, si mfiwa?"

Sura ya Mbarouk ilibadilika palepale. Nadhani mpaka dakika ile alikuwa amevuka njia kama jirani, na sasa ndiyo kwanza aambiwe kwamba mama yake amekufa. Alikaa chini juu ya mchanga karibu na Faki, bila kujali kanzu yake. Faki akampa mkono, Mbarouk akampa wake.

Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

"Fundi," Faki alisema, "msumeno uko ndani, nyuma ya mlango."

Nilikuwa nimekuja Kiuyu kutazama betri. Niliutoa msumeno, nikapangusa tandabui, nikachomeka betri, na ule mlio mdogo wa kujifunga ulinishtua kama bunduki. Nikapiga mstari kwa penseli. Mkono wangu haukutaka kubonya swichi. Si kwa sababu ya ubao. Nilijua kwamba mlio ule ukitoka, kila nyumba ya Kiuyu itajua msumeno na betri vimekutana, na watajua kwa mkono wa nani. Na pikipiki yangu ilikuwa upande wa pili wa njia, pamoja na Shaame.

Nilibonya. Ulilia vilevile kama zamani, mwembamba, wa juu, ukapita juu ya makuti. Nilikata ubao wa kwanza nikiwa nimefumba macho nusu, jambo ambalo nyinyi wawili mngelifanya ningewafukuza. Wa pili niliukata vizuri zaidi. Betri ilikuwa na moto mdogo na nilisikia sauti inaanza kushuka, nikawa naomba Mungu aifikishe. Nilipofika ubao wa mwisho mtu alishika ncha yake ya pili isiyumbe. Alikuwa shehe wa msikiti, mzee Khamis, ameacha viatu njiani. Nyuma yake alikuwepo mtu na ndoo. Nyuma ya huyo, wanawake wawili wakiingia kwa mlango wa uani.

Hawakuja wote. Nisiwadanganye. Shaame na wenzake hawakuvuka, na milango mingine ilifungwa kwa kishindo tusikie. Lakini Bi Time alibebwa na mabega ya kutosha kupokezana, na kaburini waliteremka Faki na Mbarouk na mtoto wa Faki, wakampokea mama yao, wakapanga mbao nilizokata. Moja ilikuwa imepinda kidogo. Ile ya kwanza.

Tuliporudi nilikuta matairi yote mawili ya pikipiki yamechanwa. Nilikuwa nimelitarajia jambo baya zaidi, hivyo karibu nilishukuru. Gari la ukoo wa Wete lilinipa nafasi, na njia nzima nilitazama miti ile aliyoitaja Shaame, mmoja mmoja. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila aliyesimama mlangoni mwa duka ghafla alinifanya nishike ukingo wa meza. Duka la Mbarouk lilisusiwa kweli. Hilo nalo lilipita, kwa mwendo wake wa polepole, kama yanavyopita.

Lakini kabla sijapanda gari nilipita uwanjani kwa Faki kuchukua ndoo yangu. Wafiwa wawili walikuwa wamekaa barazani wamepakana mabega, wakipewa mikono. Msumeno ulikuwa juu ya jamvi kati yao, na betri ilikuwa ndani yake. Ile betri iliyolala miezi, niliyoiamsha kwa waya kinyume na akili yangu, na watoto wanapita. Fundi Shabani angenipiga kofi. Niliinama, nikaigusa. Ilikuwa vuguvugu. Nikanyoosha kidole kwenye kile kitufe cha kuitolea, na wote wawili wakaacha kuzungumza wakanitazama mkono.

Niliurudisha mkono wangu. Nikaiacha ndoo ya mchanga pale, karibu ya jamvi, nikaenda zangu.